Jinsi ya kuandika wasifu wa marehemu baba aliyeishi kwa imani: mwongozo kamili kwa familia

Katika misiba mingi ya Kikristo huku kwetu, historia ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi. Kamati imeshahangaika na jeneza, usafiri, chakula na turubai, kisha mtu anakumbuka kwamba kwenye ratiba kuna dakika tano za wasifu. Anaitwa kijana mwenye mwandiko mzuri, anapewa karatasi, watu wawili watatu wanamtajia miaka. Kesho yake waombolezaji wanaambiwa kwamba baba alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaugua, akafariki. Yule baba aliyewaamsha watoto alfajiri kwa sala, aliyemlipia ada mtoto wa jirani bila kumwambia mtu, hayumo kwenye karatasi.

Mwongozo huu ni kwa familia inayotaka awemo. Nimeuandika nikiitazama zaidi Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana nimesema.

Kipimo changu nakichukua kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 9. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakumtajia vyeo vyake. Walishika nguo mikononi. Wasifu wa baba mcha Mungu unapaswa kufanya hivyo hivyo: uweke mbele ya watu vitu alivyovifanya, vionekane. Kila hatua hapa chini inaelekea huko.

Hatua ya kwanza: siku ile ile ya msiba, teua mwandishi mmoja

Kikao cha kwanza cha familia kisiishe bila kutaja jina la mwandishi. Awe mtu mmoja, anayefahamu familia vizuri lakini asiyebebeshwa kazi nyingine kubwa. Mtoto wa kwanza mara nyingi hafai kwa sababu ndiye anayetafutwa na kila mtu, kuanzia mchimba kaburi hadi dereva wa gari la mwili. Mpwa aliyelelewa hapo nyumbani, mkwe wa muda mrefu, au mtoto wa katikati mwenye utulivu hufanya kazi hii vizuri. Mjane msimwandikishe. Yeye ataulizwa, na atasikilizwa kuliko wote, ila kalamu ishikwe na mwingine.

Siku hiyo hiyo mwandishi amuulize mchungaji au paroko mambo mawili: wasifu utasomwa sehemu gani ya ibada, na una dakika ngapi. Majibu hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Kwa Wakatoliki, Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, ibara ya 382, unataka homilia (mahubiri) fupi kwenye Misa ya mazishi, lakini hauruhusu homilia hiyo igeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu. Kwa hiyo wasifu husomwa nyumbani kabla ya kwenda kanisani, au kabla Misa haijaanza, au baada ya Komunyo kabla ya kumuaga marehemu, kadiri paroko atakavyoelekeza. Kwenye sharika za KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, na kwa Waanglikana, kwa kawaida unapewa nafasi yake kwenye ratiba, lakini dakika zinahesabiwa. Ukijua mapema hutakatizwa katikati ya sentensi.

Hatua ya pili: kusanya karatasi kabla ya kukusanya kumbukumbu

Kumbukumbu za watu waliofiwa huchanganya miaka, na si kosa lao. Anza na maandishi.

Tafuta cheti cha ubatizo, cha Kipaimara na cha ndoa. Kama vimepotea, nenda au piga simu kwenye parokia alikobatizwa. Wakatoliki wengi hawajui jambo hili: sheria ya Kanisa inaagiza kwamba Kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe pia kwenye kitabu cha ubatizo wake, hata kama alifunga ndoa mkoa mwingine. Hivyo ukurasa mmoja unaweza kukupa safari yake yote ya sakramenti. Kwa Walutheri na Wamoraviani ulizia ofisi ya usharika. Vitabu vya washiriki vipo, na barua za uhamisho zitakuonyesha alihama lini kutoka usharika gani.

Kisha fungua Biblia yake. Fungua kurasa tupu za mwanzo na za mwisho. Wazee wengi waliandika humo tarehe za kuzaliwa watoto, siku ya kuokoka, siku aliyofariki mama yao, wakati mwingine na mstari mmoja wa shukrani. Angalia aya alizopigia mstari na zile alizoziandikia tarehe pembeni. Aya ambayo baba aliirudia mara nne kwa kalamu za rangi tofauti ina uzito kuliko aya yoyote utakayoichagua wewe. Angalia na kitabu chake cha nyimbo, kadi yake ya ahadi au ya zaka, daftari la jumuiya kama alikuwa mwenyekiti au katibu, na picha zilizoandikwa nyuma.

Kadi ya zaka usiisome hadharani. Inakusaidia wewe kujua kwamba mwaka ule aliopunguzwa kazini hakuacha kutoa, na jambo hilo linaweza kusemwa bila kutaja kiasi.

Hatua ya tatu: waulize watu, mmoja mmoja

Hapa ndipo wasifu mzuri unapopatikana, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Usiwaulize watu wakiwa kundi chini ya turubai. Kwenye kundi, mkubwa akisema "alikuwa mtu wa watu", wote wataitikia "kweli kabisa", na hutapata kingine. Mchukue mtu pembeni, kaa naye, muulize jambo dogo.

Maswali ya jumla huleta majibu ya jumla. Ukimuuliza mama "baba alikuwa mtu wa namna gani?" atasema alikuwa mwema, kisha atalia. Muulize badala yake: siku ya mshahara alipofika nyumbani alianza na nini? Alikuitaje mkiwa wawili? Nani alianzisha sala ya jioni, na asipokuwepo ilifanyika? Mtoto alipofeli mtihani alisema nini usiku ule? Mlipokosana, nani alianza kuzungumza, na alianzaje? Wimbo gani aliuimba akinyoa ndevu? Ni nani alikula hapa nyumbani mara kwa mara ingawa si ndugu?

Swali la kukosana liulize bila woga. Imani ya baba wa familia haipimwi kanisani peke yake. Inapimwa kwenye namna alivyoomba radhi kwa mke wake na kwa watoto wake, na mama akikueleza jinsi mzee alivyokuja jikoni kimya kimya akakaa kwenye kigoda mpaka wakazungumza, umepata kitu ambacho mhubiri hawezi kukitunga.

Watu wa kuwatafuta: mama kwanza, halafu shangazi au baba mdogo anayekumbuka utoto wake, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, rafiki wa kazini, jirani wa miaka mingi, mfanyakazi wa nyumbani au wa shambani, na wajukuu. Wajukuu husahaulika kila mara, wakati wao ndio waliompata babu akiwa na muda. Kama alikuwa kwenye chama cha akina baba, iwe UWAKA kwa Wakatoliki wa Tanzania, CMA kwa Wakatoliki wa Kenya, KAMA kwa Waanglikana wa Kenya au umoja wa akina baba wa usharika, mpate mwenzake mmoja asiye kiongozi. Viongozi watatoa salamu zao rasmi. Mwanachama wa kawaida ndiye atakayekwambia nani alikuwa akimfuata kwa baiskeli mtu aliyekosa ibada Jumapili mbili mfululizo.

Rekodi kwa simu, kwa ruhusa. Utakuja kushukuru.

Hatua ya nne: tafuta tarehe mbili zinazozungumza

Orodha ya miaka peke yake haina uhai, lakini tarehe mbili zikikaa jirani huanza kusimulia. Mfano ni wa mtu tunayemfahamu wote. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Mtemi Burito aliyekuwa na wake wengi. Alibatizwa Desemba 23, 1943, akiwa na miaka 21, akachukua jina la Julius. Mwaka 1953 alifunga ndoa kanisani na Mama Maria. Ukiziweka pamoja, unamwona mtu mzima aliyeichagua imani mwenyewe, akatoka kwenye boma la wake wengi akaahidi kuishi na mmoja. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na katika michakato ya namna hiyo mashahidi huhojiwa kuhusu mambo yale yale ninayokuomba uyaulize: alisali vipi, aliishi vipi na walio karibu naye, aliwatendeaje waliompinga.

Baba zetu wengi wa kizazi cha kwanza au cha pili cha Ukristo wana kisa kama hicho. Kama alibatizwa mtu mzima, ulizia nani alimhubiria, wazazi walipokeaje, jina la ubatizo alilichagua kwa nini. Kama alibatizwa mtoto mchanga, tafuta wakati imani ilipokuwa yake mwenyewe: labda ni baada ya ajali, labda ni kwenye mkutano wa injili, labda ni siku alipofiwa na mtoto na akaendelea kwenda kanisani.

Hatua ya tano: andika

Kwa usomaji wa taratibu wa msibani, hesabu maneno 100 kwa dakika moja. Ukipewa dakika tano andika maneno 500, usizidishe. Toleo refu litaingia kwenye kijitabu cha ibada.

Anza na jina lake kamili, mahali na tarehe ya kuzaliwa, wazazi na nafasi yake kati ya ndugu. Elimu na kazi zimalizwe kwa sentensi chache; kama alihamishwa vituo tisa, taja cha kwanza, cha mwisho, na kile alichokipenda. Ugonjwa nao upite haraka. Nafasi iliyobaki, ambayo inapaswa kuwa zaidi ya nusu, ni ya ndoa, nyumba, kanisa na watu.

Kila unapoandika sifa, jiulize nguo ya Dorkasi iko wapi. Tuseme umeandika hivi:

"Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na aliyeipenda familia yake."

Sentensi hiyo inaweza kusomwa kwenye mazishi ya mtu yeyote. Ifute, uandike ulichoambiwa:

"Kila Jumamosi jioni baba alipiga pasi mashati yetu yote ya kanisani, yeye mwenyewe, kwa pasi ya mkaa. Hakukubali kusaidiwa. Alisema Jumapili inaanzia pale."

Neno "mcha Mungu" halimo, na kila aliyekaa kwenye benchi amelisikia. Matukio matatu ya namna hii yanatosha kwa dakika tano. Yachague ili kila moja lionyeshe upande tofauti: moja la nyumbani, moja la kanisani au jumuiya, moja la mtu wa nje asiye na undugu naye. Kama matukio mawili yanasema jambo lile lile, mpe mchungaji moja. Atalitumia kwenye mahubiri.

Aya ya Biblia weka moja. Watu wengi huchukua 2 Timotheo 4:7, "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, Imani nimeilinda", na ni maneno mazuri mno. Ila kama kwenye Biblia ya baba aya nyingine ndiyo iliyopigiwa mstari mara nne, soma hiyo, na uwaambie watu kwamba yeye ndiye aliyeichagua.

Hatua ya sita: mambo magumu yamalizwe kabla ya kusimama mbele ya watu

Hakuna sehemu inayovunja misiba kama majina ya watoto na wake. Baba anaweza kuwa alizaa kabla ya ndoa. Anaweza kuwa na mtoto ambaye mama alimlea kama wake, au mtoto ambaye mama hakuwahi kumkubali. Msimwachie mwandishi mzigo huu. Kikao kidogo cha wazee wa ukoo, mama na watoto wakubwa kiamue orodha siku mbili kabla. Ushauri wangu ni mmoja, na nausema nikijua unavyouma: mtoto anayejulikana kuwa wa marehemu atajwe. Mtoto aliyekuja kumzika baba yake akasikia majina yote isipokuwa lake hatasahau maisha yake yote. Tena majina hayo yatauliziwa upya kwenye kikao cha ukoo cha mirathi, ambacho Mahakama ya Mwanzo Tanzania hudai muhtasari wake. Ni nafuu kupatana mapema. Kama maelezo ni magumu, soma majina ya watoto kwa umri bila kutaja mama zao.

Watoto waliotangulia kufariki watajwe kwa majina. Wajukuu na vitukuu inatosha idadi, baada ya kuhesabu mara mbili na mtu anayewafahamu wote.

Ndoa iliyobarikiwa uzeeni isifichwe. Wapo wazee wengi walioishi na wake zao miaka mingi kwa mahari na mila, kisha wakabariki ndoa kanisani wakiwa na wajukuu. Iseme kwa furaha, na mwaka wake. Aliyewahi kutengwa akarudi kundini ni jambo la kuzungumza na mchungaji kwanza. Kama mwenyewe alilitolea ushuhuda mbele ya usharika, unaweza kulirudia kwa maneno yake. Vivyo hivyo kuhusu pombe. Alichokiungama hadharani ni ushuhuda wake, na alichokinyamazia kinabaki kuwa chake.

Jina la ugonjwa ni siri ya familia, na "baada ya kuugua kwa muda" inatosha. Washukuruni waliomuuguza, hasa yule mtoto au mkwe aliyelala naye hospitali. Madeni yasiingie kwenye wasifu: msemaji wa familia atatangaza kwamba mwenye madai aonane nao.

Hatua ya saba: msomee mama

Kabla ya kuchapa, mketi na mjane, umsomee yote kwa sauti, mlango umefungwa. Akikunja uso mahali, simama, uliza. Akisema "hilo acha", liache, hata kama ndilo ulilolipenda zaidi. Mara nyingi kwenye usomaji huu atakuongezea jambo moja ambalo hakulisema mwanzo, na litakuwa bora kuliko yote. Baada yake, mkubwa mmoja wa ukoo athibitishe majina na vijiji, na mzee wa kanisa athibitishe tarehe za huduma. Watu watatu wanatosha. Ukiipitisha kwa kumi, kila mmoja ataongeza sifa na utarudi kule kule kwenye "mtu wa watu".

Kama mnachapisha kijitabu, kurasa zake zipangwe kwa nne: 8, 12 au 16, kwa kuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati inatoa kurasa nne. Kenya kijitabu hiki ni cha kawaida sana na huwa na picha nyingi. Tanzania familia nyingi hutoa karatasi moja iliyokunjwa yenye ratiba, nyimbo na wasifu mfupi, na hiyo haipungukiwi kitu. Picha ya mbele iwe ya baba akiwa na nguvu zake, si ya siku za kuugua. Tarehe za kwenye kijitabu, za kwenye msalaba na za kwenye wasifu zilinganishwe zikiwa zimelala meza moja. Kibandiko cha msalaba huandikwa na fundi kwa maelezo ya simu, na hapo ndipo mwaka hukosewa.

Hatua ya nane: kusoma

Msomaji si lazima awe mwandishi. Achaguliwe mwenye sauti inayofika nyuma, na nyuma yake asimame mtu wa pili mwenye nakala yake, tayari kupokea pale sauti itakapokatika. Machozi si aibu, na watu watasubiri. Lakini akishindwa kabisa, wa pili aendelee kutoka sentensi ile ile bila maelezo.

Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, nafasi pana kati ya mistari, na namba kwenye kila ukurasa kwa sababu upepo wa makaburini hauna adabu. Usisome kwenye simu: itaita, au jua litaficha kioo. Fanya mazoezi mara mbili kwa sauti na saa mkononi. Majina ya ndoa na ukoo wa upande wa pili uyaulizie matamshi kwa wenyewe; mkwe anayesikia jina la ukoo wake likikosewa huumia zaidi siku hiyo. Jeneza likiwa mbele yako, tazama watu, soma polepole kuliko unavyodhani inatakiwa, na baada ya kila tukio vuta pumzi. Ukimaliza, kaa. Kama mna wimbo wake, kwaya ianze hapo hapo.

Hatua ya tisa: baada ya matanga

Vile ulivyovirekodi na kuvikusanya visipotelee kwenye simu ya mtu mmoja. Ndani ya wiki chache, kabla watoto hawajatawanyika makazini, pangeni toleo refu lenye mahojiano yote. Nakala moja abaki nayo mama, moja kila nyumba ya mtoto, moja ofisi ya usharika au parokia, kwa sababu mwandishi wa historia ya kanisa lenu atakuja kuitafuta. Hapo wekeni na yale ambayo dakika tano hazikuruhusu: safari zake za uhamisho, barua zake, ushauri aliokuwa akiwapa wachumba.

Ibada ya shukrani au Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ndiyo nafasi ya kusoma sehemu nyingine, si kurudia ile ya mazishi. Mpeni mjukuu asome. Na kama kwenye mahojiano mligundua kwamba baba alikuwa akimlipia mtu ada, akimpelekea mjane fulani mahindi kila mavuno, au akitoa mafuta ya jenereta ya kanisa, kaeni kama watoto muulizane nani atalibeba sasa, kwa kiasi gani, kuanzia mwezi gani. Andikeni kwenye daftari la familia kama mnavyoandika michango mingine. Yule mwanafunzi ana muhula mwingine unaofunguliwa Januari, na huenda hajui amuulize nani.